Kibaraza Changu Wanakiita Ofisi Ndogo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukinisaidia nisaidie vizuri, maana wiki iliyopita nilikusoma ukimwambia yule mama mwenye mkwe mchoyo awe na subira, nikasema huyu mshauri ameolewa wapi, subira na mkwe mchoyo ni kushinda na njaa kwa adabu tu, lakini jirani yangu mshona nguo, ambaye ndiye hununua gazeti, akaniambia bibi wewe andika, kuna siku huwa anapatia, basi naandika nikiomba hii iwe siku ya kupatia.

Mimi ni bibi mwenye akili zangu na meno yangu mengi. Shule niliiacha mapema, lakini barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sijamwagiza mtu, na ukiona neno limekaa upande lisome hivyo hivyo. Kwa muda mrefu mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa bomba la maji hapa kijijini, na mwenye ufunguo wa bomba anawajua watu kuliko anayewapima homa, anajua nani anaruka foleni, nani anasingizia ana mgonjwa nyumbani, nani ndoo yake ina tundu na bado anailaumu koki. Nayasema haya ujue unaongea na mtu wa namna gani, usije ukaniandikia kama unavyowaandikia wasichana wa barua za mapenzi.

Shida yangu ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, niliyemlea mimi tangu anatambaa kwa sababu mama yake alikuwa kazini mbali. Mtoto huyu alisomea utawala, akaanza kama karani wa masjala kwenye ofisi moja ya mbali huko, kazi yake kupanga mafaili ya watu asiowajua, halafu akapanda akawa msaidizi wa afisa, akaenda kukaa kwenye kata ambayo mvua ikinyesha haingiliki, akavumilia, na mwisho wakamfanya afisa kamili wa kata. Kata yenyewe ni hii yetu! Siku alipoleta habari nilicheza barabarani, sioni haya kusema, nilicheza mpaka kilemba kikaanguka na mwenye duka akatoka na kaunta ikabaki bila mtu. Mjukuu wangu afisa, na nyumbani kwangu ndiko alikokuwa analala, na ofisi yake ndiyo ile nyumba ya bati mbele ya mlango wangu, tunatenganishwa na barabara ya vumbi tu, ukikohoa huku wanasema pole kule.

Sasa mshauri, ofisi hiyo ina vyumba viwili na stoo ya nyuma, ina meza, ina kabati ambalo droo yake moja haijafunguka tangu iletwe, ina mlango unaokwama mvua ikinyesha, lakini nje haina hata mahali pa mtu kuketi. Watu wanatoka mbali, wengine na watoto mgongoni, wasimame juani kama nguo zilizoanikwa? Mimi nina kibaraza chenye kivuli, na kibarazani nina benchi refu zuri la mbao ngumu alilonitengenezea seremala wetu, kwa hiyo watu wakawa wanangojea kwangu. Kuna ubaya gani hapo? Na mtu akiketi kwangu nitamwangalia tu kama picha? Nitamsalimia, nitamuuliza ametoka wapi, na nitamuuliza kimemleta nini.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja amefura kama andazi. Nikamwambia, "Mama, umekuja kwa afisa?"

"Ndiyo bibi. Nimekuja kushtaki."

"Unamshtaki nani?"

"Kuku."

"Kuku wa nani?"

"Wa wifi yangu. Wamemaliza miche yangu yote ya mboga."

"Wifi yako umemwambia?"

"Hatuongei."

"Kwa hiyo unataka mtoto wa watu aliyesoma miaka yote ile aende akaongee na kuku? Hebu ondoka hapa. Nenda kachukue miche mingine, nusu mpelekee wifi yako naye apande kwake, halafu uone kama hatawafungia kuku wake mwenyewe."

Akaenda. Baada ya siku chache kuku wamefungiwa, mawifi wanaombana chumvi. Sasa niambie, hapo nimeharibu nini?

Basi habari zikaenea. Akaja mwenye redio kubwa na jirani yake asiyelala, nikawaweka pamoja kwenye benchi wakakaa bega kwa bega mpaka wakaona aibu wenyewe. Wakaja wanawake wa bomba, hao ndio wengi, leo huyu amemwagiwa ndoo, kesho yule kasukumwa, keshokutwa wengine wawili wamevutana nywele, na mimi nilikuwa namwambia kila mmoja kwa wakati wake arudi nyumbani apoe na kesho awahi mapema. Wakaja wazee kulalamikia vijana, wakaja vijana kulalamikia wazee. Walikuwa wanafika kwangu wamenuna, wanaondoka wanacheka, na ng'ambo ya barabara hawakuwa na haja ya kwenda tena. Ndipo watu wakaanza kukiita kibaraza changu Ofisi Ndogo. Sikuwaambia waite hivyo. Wala sikuwakataza.

Mjukuu wangu mwanzoni hakujua. Angejuaje, anapita kibarazani asubuhi kukiwa hakuna mtu, anarudi jioni kukiwa hakuna mtu, na mchana amejifungia na kabati lake, akisikia sauti kibarazani anadhani ni wageni wangu. Wilayani wakamsifu kwenye mkutano, wakasema kata yake ndiyo tulivu kuliko zote, haina malalamiko hata moja, na wenzake wakaambiwa waige mfano. Nilijua sifa hizo ni za nani, lakini nilinyamaza, mimi si mtu wa kujisifu. Jioni moja tunakunywa chai akaniuliza, "Bibi, hivi watu wa kata hii hawana shida?"

Nikamwambia, "Hawana, mwanangu. Wamelelewa vizuri."

Akatazama kikombe chake. Nilidhani amechoka.

Sasa ndipo akaja seremala. Si mtu mbaya seremala, ana mdomo tu. Aliketi kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe, akalipigapiga kulikagua, akasema, "Bibi, nataka kumuomba afisa ruhusa nijenge kibanda cha kazi pale ng'ambo, kwenye kona karibu na tangi la maji."

Nikamuuliza, "Pale pana mtu?"

"Hapana mtu."

"Pana shamba?"

"Pana majani tu."

"Sasa unamsumbua afisa wa nini? Jenga."

Akajenga. Akajenga kibanda kizuri, mshauri, cha bati jipya, na mlango wa kufuli, na akaning'iniza kibao cha kuonyesha anauza vitanda. Nilikuwa napita pale najisikia vizuri. Kumbe mjukuu wangu siku hizo alikuwa wilayani akihangaika, amekwenda na kurudi, amekalishwa kwenye makochi ya watu, mpaka akapewa barabara ya kwenda zahanati, ile ambayo mvua ikianza wagonjwa wetu tunawabeba kwa machela tukizama matopeni. Na barabara hiyo ilikuwa inapita wapi? Inapita kwenye kona karibu na tangi. Inapita katikati ya kibanda cha seremala kama sindano.

Greda likaja. Watoto wote nyuma yake wanashangilia, mimi nipo kibarazani nachambua maharage. Likafika kwenye kona, likasimama. Mjukuu wangu akatoka ofisini na ile ramani yake mkononi, akamwambia seremala, na nilisikia kila neno kwa sababu barabara si pana, "Fundi, nani alikuruhusu kujenga hapa?"

"Ofisi."

"Ofisi gani, fundi? Ofisi ni mimi."

"Ofisi Ndogo, afisa."

Watu wakacheka. Dereva wa greda akazima mashine ili asikie vizuri. Na mjukuu wangu akageuka polepole akaniangalia, na mimi nikaendelea kuchambua maharage, nikachambua mpaka yale niliyokwisha kuyachambua.

Jioni alipoingia ndani hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza, mimi nimezoea watu wanaopiga kelele.

"Bibi, wewe ndiye uliyemwambia ajenge?"

"Nilimwambia ajenge vizuri."

"Ramani ya barabara uliiona?"

"Ramani ya nini? Mimi nimezaliwa hapa."

"Wewe umezaliwa hapa, bibi. Barabara haijazaliwa. Ilikuwa inakuja."

Halafu akakaa chini, akasema kumbe ndiyo maana hakuna anayegonga mlango wake, kumbe siku zote hizo alikuwa akijiona hafai, alidhani watu wanamwogopa, akabadilisha hata mavazi akidhani anavaa kama mtu wa mjini, akajifunza kucheka na watu sokoni, na bado hawakuja. "Nimekaa kwenye ile meza bibi, nikawa naifuta vumbi kila siku ili nisikae bure. Kumbe walikuwa wanaishia kwako. Kata hii ina afisa tayari. Nimeomba uhamisho."

Nikamwambia, "Nenda basi, nani amekushika." Ni maneno yaliyonitoka tu. Na yeye akachukua godoro lake akavuka barabara, sasa analala kwenye ile stoo ya nyuma ya ofisi. Kila asubuhi akifungua dirisha ananiamkia kwa sauti, "Shikamoo bibi!" Naitikia, "Marahaba!" Basi, yamekwisha, mpaka kesho tena. Anapika mwenyewe, na wali wake unaungua, harufu inavuka barabara inakuja kukaa kwangu.

Dereva wa greda amesema anamalizia kipande cha bondeni halafu anarudi, akikuta kibanda bado kipo anapeleka mashine kata nyingine, mashine haingoji mtu, na barabara ya zahanati itakuwa imetupita. Seremala naye amekunja mikono, anasema hang'oi hata msumari mpaka ofisi iliyomruhusu imwambie yenyewe. Anaposema hivyo ananitazama mimi. Nami sijamwambia kitu, maana nikimwambia abomoe si itakuwa nimekubali kwamba nilikosea?

Sasa mshauri, niambie nifanyeje ili mjukuu wangu asihame. Nimefikiria kwenda wilayani mimi mwenyewe kumwona mkubwa wake nimwambie huo uhamisho aukatae. Nimefikiria pia kuingia kule ofisini nimrudishe nyumbani yeye na godoro lake, maana mimi pale huingia bila hodi, nitapigaje hodi kwa mtoto niliyemwogesha kwenye karai? Lakini usije ukaniambia niombe radhi, hilo nimeshalikataa hata kabla hujaliandika, na usiniambie niwafukuze watu kibarazani, maana wakiondoka wote na yeye akiondoka, nitabaki namwuliza nani ametoka wapi? Na benchi ni langu.

Jibu haraka. Mshona nguo atanisomea kwa sauti, kwa hiyo chunga maneno.

Ni mimi,
Bibi wa Kibarazani

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo bibi. Nakuamkia kwanza, kwa sababu nikishaanza sitapata tena nafasi ya adabu. Mimi nimeolewa mahali pazuri, asante kwa kuuliza, na kuhusu yule mkwe mchoyo huenda una haki, tuyaache hayo. Mshona nguo, soma polepole, na ukifika penye ukali usiruke.

Bibi, barua yako nimeisoma hapa ofisini tukiwa wengi na tumecheka mpaka aliyekuwa kwenye simu akaikata. Lile la kuku na wifi ni zuri, nitaliiba, siku moja utalikuta kwenye safu hii na sitakutaja. Una masikio yanayosikia na kinywa kinachojibu, na watu hawakukifuata kivuli peke yake. Hilo nalikubali, na mjukuu wako nadhani analikubali kuliko mimi.

Lakini umeniuliza umeharibu nini, tena kwa kiburi, kama mtu anayejua hakuna jibu. Jibu lipo. Tazama wale wanawake wa bomba. Umeniandikia mwenyewe kwamba hao ndio waliokuwa wengi, leo ndoo, kesho nywele, na kila mmoja ulimwambia kwa wakati wake apoe na awahi. Wewe uliyeshika ufunguo wa bomba hilo! Hukujiuliza kwa nini ugomvi hauishi? Watu hawapigani namna hiyo penye maji ya kutosha. Bomba lenu linaumwa, bibi. Wale wote wangeingia kwa afisa mmoja baada ya mwingine, angejua kwamba ugomvi wao ni mmoja, angekwenda nao wilayani akarudi na fundi. Wewe uliwatuliza. Ukawatuliza vizuri sana, mpaka wilaya nzima ikaamini kata yenu haina shida, na kata isiyo na shida haiongezewi bomba, wala haitengenezewi mlango unaokwama, wala haipewi benchi. Zile sifa ulizonyamaza nazo ndizo zilizowakausha.

Na mtoto wa watu, ambaye kwa bahati mbaya ni wako, ameketi ndani anafuta vumbi kwenye meza safi. Amepanda kutoka masjala, ngazi kwa ngazi, amekaa kata isiyoingilika, ili siku moja mtu agonge mlango na aseme, "Afisa, nina shida." Umemlea, ukamsomesha, ukamchezea barabarani, halafu ukawa unawadaka watu wake mlangoni. Alipokuuliza kwenye chai kama watu wana shida, bibi, ulimdanganya ukimwangalia usoni. Hukumdanganya kwa ubaya, lakini sitaki kusikia kwamba hukukosea.

Sasa tulia, usilitupe gazeti, ni la mshona nguo. Nina habari njema na umeniandikia mwenyewe bila kujua. Mtu aliyekasirika kweli hahamii chumba ambacho dirisha lake linatazama mlango wako. Mtu aliyekukataa hakuamkii kila asubuhi kwa sauti ya kuvuka barabara. Huyo hajaondoka, anangoja. Na wewe una muda mpaka greda litoke bondeni, kwa hiyo vaa viatu.

Anza na seremala. Usimwite kibarazani, mwendee kwenye kibanda chake, na uende watu wakiwepo, kwa sababu mjukuu wako alichekwa watu wakiwepo. Sema hivi: "Fundi, aliyekuambia ujenge ni mimi, na ruhusa haikuwa yangu kuitoa. Bomoa, nitakushikia misumari." Kisha umshikie misumari kweli. Atakuuliza, "Sasa nijenge wapi, bibi?" na najua ulimi wako utakuwasha, maana wewe viwanja vyote vya kata hii unavyo kichwani. Ung'ate. Mwambie, "Sijui, twende kwa afisa." Maneno hayo hujawahi kuyasema pamoja tangu uzaliwe, kwa hiyo yafanyie mazoezi nyumbani mbele ya sufuria.

Wilayani usikanyage. Ukienda kumwona mkubwa wake, utakuwa umefungua Ofisi Ndogo nyingine juu ya kichwa chake, na uhamisho huo nitausaini mimi. Siku moja atahama, bibi, wanaofanya kazi yake hupanda na hupelekwa, na siku hiyo utacheza tena barabarani na kilemba kianguke tena. Lakini ahame kwa kupandishwa. Asihame kwa kumkimbia bibi yake.

Watu wako usiwafukuze, nani amekuambia uwafukuze? Mtu akipita na mtoto mgongoni mwite apumzike, mpe maji, mwulize ametoka wapi, mwulize mama yake hajambo, mwulize kama kule kwao mvua imenyesha. Kuna swali moja tu nakunyang'anya. Usimwulize kimemleta nini. Akianza mwenyewe kukusimulia, mnyooshee kidole ng'ambo ya barabara. Na kuku wakirudi kula miche na afisa akakosa la kufanya, niamini, atafungua dirisha aite, "Bibi, njoo mara moja!" Hapo utavuka kwa kuitwa, na kuitwa ni kutamu kuliko kujipeleka, utaona.

Benchi ni lako, hakuna anayebisha. Ndiyo maana utalivusha wewe. Kesho asubuhi tafuta wa kukushikia upande wa pili, livushe barabara, liweke mlangoni pa ofisi, kisha uketi mwishoni kabisa kama mtu yeyote mwenye shida. Watakuja watu. Watakuambia, "Aa, bibi, wewe pita, wewe ni wa ndani." Usipite. Wewe uliyewapanga watu foleni kwa miaka yote ile, hebu nawe kaa foleni uone ilivyo. Usisikilize shida ya aliye pembeni yako, hata ikiwa ya kuku.

Zamu yako ikifika, mlango utakuwa wazi. Usiingie. Najua ulimwogesha kwenye karai, tumeelewa, karai limekwisha kazi yake. Piga hodi na ungoje uambiwe karibu.

Ataangaza macho, huenda atacheka, huenda asicheke. Lakini ni afisa, na atakuuliza wanachoulizwa wote wanaoingia pale, "Karibu bibi, una shida gani?" Nawe umwambie: "Mjukuu wangu amehama nyumbani, na aliyemfanya ahame ni mimi. Nataka arudi."

Halafu nyamaza. Usimwambie afanyeje, usimwambie godoro libebwe na nani, usimwambie wali unaungua kwa sababu ya moto mkubwa. Umesikiliza shida za kata nzima na kila moja ukaitolea jibu. Hii moja mwachie afisa.